Sura ya Nne: Mbona Kwenye Simu Ilikuwa Safi?

Kwa miaka mitatu nilikaa nyuma ya meza ya duka la stesheneri Temeke, na swali hili nililisikia karibu kila siku ya kazi. Mteja anafika, anafungua WhatsApp, ananionyesha cheti au picha: "Nitolee hii, A4, ya rangi." Natoa. Karatasi inatoka ina ukungu, herufi zimevimba kama zimelowa maji. Mteja anaitazama karatasi, anaitazama simu, anarudi kwenye karatasi. "Kaka, printa yako mbovu. Mbona kwenye simu ilikuwa safi?"

Printa haikuwa mbovu, ila kwa muda mrefu sikuwa na maneno ya kumweleza mtu akaelewa. Aliyenilazimisha kuyatafuta ni mama mmoja aliyekuja siku mbili kabla dirisha la maombi ya mkopo wa elimu ya juu halijafungwa. Mwanawe amepata chuo, cheti cha kuzaliwa kiko kwa bibi yake Korogwe. Mjomba amekipiga picha, akamtumia shangazi, shangazi akamtumia mama. Kwenye karatasi niliyomtolea, namba ya cheti ilisomeka yote isipokuwa tarakimu ya mwisho. Ukiitazama kwa mbali ni 3, ukiinama ni 8.

"Mwanangu, hiyo ni tatu au nane?"

"Mama, hata mimi sijui."

Sura hii ni jibu ambalo ningependa kumpa siku ile, pamoja na mengine yanayotoka humo humo: skana iwekwe ngapi, kwa nini rangi hubadilika, kwa nini kidole cha fundi kinakataliwa na mashine, na printa ipi inafaa kununuliwa.

Mlango wa kuingilia, mlango wa kutokea

Kompyuta yenyewe haioni, haisikii wala haisemi. Ndani yake mna namba tu. Chochote kinachotaka kuingia humo lazima kigeuzwe namba kwanza, na vyombo vinavyofanya kazi hiyo huitwa vifaa vya kuingizia: kibodi, kipanya, skana, kamera, maikrofoni, kisoma alama za vidole. Vyombo vinavyozigeuza namba ziwe mwanga, wino au sauti ni vifaa vya kutolea: skrini, printa, spika, projekta. Kioo cha simu ya kugusa ni milango yote miwili kwa pamoja, maana kinakuonyesha na hapo hapo kinakisikia kidole chako.

Shuleni tuliyakariri majina haya, tukayaandika kwenye mtihani, yakaishia hapo. Naona ni hasara, kwa sababu jina la kifaa halimsaidii mtu anayehangaika na cheti chake. Kinachomsaidia ni kujua sifa za kifaa hicho:

- kinagawa kitu katika vipande vidogo kiasi gani;
- kinatofautisha rangi au viwango vingapi;
- kinafanya kazi kwa kasi gani;
- kila mara unapokitumia unalipa kiasi gani;
- kinavumilia nini: vumbi, joto, umeme unaokatika.

Ya kwanza ndiyo inayozaa ugomvi mwingi dukani, kwa hiyo nitaikalia zaidi ya nyingine.

Nukta zile zile, karatasi kubwa zaidi

Picha yoyote ndani ya kompyuta au simu ni nukta zilizopangwa kwa safu, kama shanga kwenye mkufu wa Kimasai. Kila nukta ina rangi moja tu. Nukta hiyo huitwa pikseli. Ukiwa mbali huoni shanga, unaona ua. Ukisogea, unaanza kuziona moja moja.

Sasa chukua picha ya cheti iliyopita mikononi mwa watu watatu. WhatsApp, ikituma picha kwa njia ya kawaida, huipunguza ili isile bando. Tuseme imebaki na nukta 720 kwa upana. Simu yenye kioo cha inchi 6.5 (kipimo hicho huchukuliwa kutoka pembe hadi pembe) ina upana wa inchi 2.7 hivi. Nukta 720 zikijipanga ndani ya inchi 2.7, kila inchi inapata kama 270. Zimebanana kiasi kwamba jicho haliwezi kuzitenganisha, na picha inaonekana safi.

Karatasi ya A4 ina upana wa milimita 210, yaani inchi 8.27. Zipange nukta zile zile 720 hapo. Kila inchi inapata 87. Hakuna nukta hata moja iliyopotea njiani kutoka kwenye simu hadi kwenye printa. Zimetawanywa tu, kama unga wa chapati mbili uliosukumwa kutengeneza chapati moja ya kujaza sinia. Printa imetoa kwa uaminifu kile ilichopewa.

Wateja wengine walikuwa na hoja nzuri zaidi: "Mbona barua niliyoandika kwenye simu hii hii inatoka kali?" Hapo ndipo kibodi inapotofautiana na kamera. Ukibonyeza A kwenye kibodi, kinachoingia ni herufi A yenyewe. Kompyuta inaijua, na inaweza kuichora upya kwa ukubwa wowote, hata wa bango la barabarani. Kamera na skana huingiza picha ya A. Kwa kompyuta hiyo si herufi, ni nukta nyeusi zilizokaa karibu na nukta nyeupe, na haina namna ya kuikuza bila kuzitanua nukta hizo. Kibodi ni kifaa cha polepole mno. Mtu anayechapa maneno 40 kwa dakika anaingiza herufi tatu au nne kwa sekunde. Lakini kinachoingia humo kinaingia kikiwa kamili.

Mtoto wa mwaka 1957

Kuikata picha vipande kwa ajili ya kompyuta kulianza na mtoto mchanga. Mwaka 1957, katika taasisi ya taifa ya vipimo na viwango ya Marekani, Russell Kirsch na wenzake walitengeneza skana ya kwanza iliyounganishwa na kompyuta. Picha iliyofungwa kwenye pipa lake linalozunguka ilikuwa ya mwanawe Walden, mwenye umri wa miezi mitatu. Eneo lililosomwa lilikuwa la sentimita tano kwa tano hivi, likagawanywa katika nukta 176 kwa 176. Zote pamoja ni 30,976.

Mashine yao ilijua mambo mawili tu kwa kila nukta: nyeusi au nyeupe. Ili kupata kijivu, waliisoma picha ile zaidi ya mara moja, kila mara wakibadilisha kiwango cha mwanga kinachohesabiwa kuwa nyeupe, kisha wakaziunganisha. Matokeo yake ni uso wa mtoto unaotambulika kabisa, wenye ngazi ngazi kama picha iliyofumwa kwenye mkeka. Kope hazionekani. Nukta 30,976 zilitosha kusema kwamba huyu ni mtoto, hazikutosha kusema kope zake ni ngapi.

Skana iwekwe ngapi?

Wingi wa nukta kwa inchi ndicho kipimo utakachokikuta kwenye skana yoyote: 100, 200, 300, 600, 1200. Watu wengi hudhani kubwa zaidi ni bora zaidi. Tufanye hesabu.

A4 kwa nukta 300 kwa inchi ni nukta 2,480 kwa 3,508, yaani takriban milioni 8.7. Kila nukta ya rangi inahitaji namba tatu, kwa hiyo kabla ya kubanwa picha ina megabaiti 26 hivi. Panda hadi 600. Upana umezidishwa mara mbili na urefu mara mbili, kwa hiyo nukta zimekuwa mara nne, megabaiti zaidi ya 100. Skana inatambaa kwa mwendo wa kobe, foleni inanung'unika, na mfumo wa maombi unalikataa faili kwa kuwa ni kubwa mno. Nimewaona vijana wakilia machozi ya kweli usiku wa mwisho wa maombi kwa sababu ya namba hiyo moja iliyowekwa vibaya na mwenye duka.

Kwa vyeti, barua na mikataba, 300 inatosha na kubaki. Picha ndogo ya zamani ya marehemu babu, ambayo familia inataka ikuzwe itundikwe ukutani, hiyo ndiyo ya 600 au 1200, maana nukta za kuikuza lazima zivunwe sasa, ikiwa bado juu ya kioo cha skana.

*Kwa ufupi: idadi ya nukta huamuliwa kwenye mlango wa kuingilia. Ukitaka kumtumia mtu cheti kwa WhatsApp, kitume kama dokumenti badala ya picha, nukta zake zifike zote.*

Kidole cha fundi ujenzi

Mwaka 2019 usajili wa laini za simu kwa alama za vidole ulipoanza Tanzania, meza za mawakala zilijaa mtaani kwetu. Kwenye foleni ya jirani yangu alisimama fundi mmoja wa kupiga lipu. Akaweka kidole gumba, mashine ikakataa. Cha shahada, ikakataa. Akapangusa mkono kwenye suruali, akajaribu tena, na watu nyuma yake wakaanza kutazamana kama vile yeye ndiye mwenye makosa. Sitausahau uso wake.

Kosa halikuwa lake. Kisoma alama za vidole ni skana kama ile ya vyeti, ila ndogo. Kiwango kinachotumika sana ni nukta 500 kwa inchi. Ngozi ya kidole ina matuta, na kutoka tuta moja hadi jingine ni kama nusu milimita. Kwa nukta 500, nafasi hiyo inapata nukta kumi hivi. Zinatosha, maadamu tuta lipo. Saruji na chokaa huila ngozi, jembe huisugua, sabuni ya kufulia huikausha, na matuta yanakuwa mafupi hadi mashine inaona uwanda mtupu. Kwa karani wa ofisini kifaa kile kile kinasoma mara moja.

Kuna mambo madogo yanayosaidia. Pangusa kioo cha kifaa, maana jasho la mtu wa mwanzo hubaki pale. Paka mafuta kidogo kwenye kidole kikavu kisha ukifute. Jaribu vidole vyote kumi kabla ya kumrudisha mtu nyumbani. Kidole cha pete na kidole cha mwisho huchakaa kidogo kuliko gumba. Fundi yule alikubaliwa kwa kidole cha pete cha mkono wa kushoto. Kama wakala angejua mapema, zisingepita dakika ishirini za aibu mbele ya watu.

Rangi ya kadi ya harusi

Bibi harusi amechagua kijani kwenye simu, kijani kinachong'aa kama jani la mgomba baada ya mvua. Kadi 200 zinatoka, kijani kimefifia, kinaelekea rangi ya mchicha uliopikwa. Hapa nukta hazina hatia. Tatizo ni kwamba skrini na karatasi zinasema lugha mbili.

Skrini huwasha taa. Kila pikseli ina taa tatu ndogo, nyekundu, kijani na bluu, na kwa kawaida kila moja ina ngazi 256 za mwanga. Zidisha 256 kwa 256 kwa 256, unapata rangi 16,777,216. Karatasi haina taa yake. Inaurudisha tu mwanga wa chumbani, na wino kazi yake ni kuuzuia sehemu ya mwanga huo. Printa ina wino wa aina nne: samawati, majenta (zambarau inayoelekea wekundu), njano na nyeusi. Kijani cha kadi ni njano juu ya samawati, na kila wino unaoongezwa unakula mwanga zaidi. Zile rangi zinazowaka, kijani kikali, bluu ya umeme, chungwa la fulana ya bodaboda, hazipatikani kwa wino hizo nne hata ukilipa mara kumi.

Kuna jambo jingine. Nukta ya skrini inaweza kuwa rangi yoyote kati ya zile milioni 16, lakini printa nyingi za kawaida, mahali fulani pa karatasi, ama hudondosha wino ama hazidondoshi. Rangi ya waridi hutengenezwa kwa vinukta vya majenta vilivyoachana, weupe wa karatasi ukichungulia katikati. Chukua kioo cha kukuzia uitazame picha kwenye gazeti, utaviona. Ndiyo maana printa iliyoandikwa "1200" haikupi picha ya nukta 1,200 kwa inchi. Inahitaji vinukta vingi kuchanganya rangi moja.

Kabla hujachapa kadi 200, chapa moja, itoe nje, itazame kwenye mwanga wa mchana pamoja na bibi harusi mwenyewe.

Printa ipi ninunue?

Hapa sifa inayotawala ni gharama ya kila ukurasa, na ndiyo inayofichwa zaidi dukani. Tuseme printa moja inauzwa shilingi 150,000 na katriji yake ya 30,000 inatoa kurasa 150. Kila ukurasa ni shilingi 200 za wino peke yake. Nyingine inauzwa 450,000, na katriji ya 60,000 inatoa kurasa 1,500: shilingi 40. Ukitoa kurasa 2,000, ile ya bei rahisi imeshakumeza. Na zile kurasa zinazotajwa kwenye boksi huhesabiwa kwa ukurasa uliofunikwa wino sehemu ndogo, kama asilimia tano, mfano wa barua fupi. Picha ya ukurasa mzima ni habari nyingine.

Printa ya wino wa maji hurusha matone madogo kupitia matundu membamba kuliko unywele. Wahandisi wa Canon wanasimulia kwamba mwaka 1977 chuma cha moto cha kuunganishia nyaya kiligusa sindano yenye wino, wino ukaruka, wakapata wazo la kuurusha kwa joto. Printa hii inafaa kwa picha na haili umeme mwingi. Udhaifu wake ni kwamba isipotumika wino hukauka matunduni. Mtu akiniambia atachapa mara mbili kwa mwezi, simshauri ainunue. Kwa duka lenye kazi kila siku, zile zenye matangi ya kujaza kwa chupa, ambazo Epson ilianza kuziuza Indonesia mwaka 2010, zimeokoa biashara nyingi.

Printa ya leza ni zao la kazi ya Gary Starkweather wa Xerox, na mashine kubwa ya kwanza ya kampuni hiyo kwa mtindo huu iliingia sokoni mwaka 1977, ikitoa kurasa 120 kwa dakika. Haitumii maji. Mwanga wa leza huchora ukurasa kwa umeme tuli juu ya dramu, unga mkavu uitwao tona unanasa pale palipochorwa, unahamia kwenye karatasi, kisha rola ya moto inauyeyusha ushike. Ndiyo maana ukurasa wa leza hutoka una joto kama maandazi. Unga haukauki hata printa ikae miezi mitatu. Lakini rola ile ikipata moto inavuta umeme mwingi kwa ghafla, na nimeiona ikizima inveta ndogo ya sola pamoja na kompyuta mbili zilizokuwa zikifanya kazi.

Printa ya sindano, ile inayokereza kama cherehani, wengi wanaidharau. Inagonga utepe wa wino kwa vijipini 9 au 24, kwa hiyo ndiyo inayoweza kuchapa nakala tatu za kaboni kwa pigo moja. Wenye stoo na maghala bado wanaihitaji.

Na ile ndogo ya risiti za EFD, mashine ya kielektroniki ya risiti za kodi, haina wino kabisa. Karatasi yake imepakwa dawa inayogeuka nyeusi ikipata joto, nayo kichwa chake huipasha joto mahali pa herufi. Joto la dashibodi ya gari hufanya kazi hiyo hiyo bila mpangilio, na baada ya muda maandishi hufifia yakaisha. Mfanyabiashara anayetunza risiti kwa ajili ya hesabu za kodi azitolee fotokopi wiki hiyo hiyo.

Kwa watu wa pwani naongeza hili: karatasi hunywa unyevu wa hewa. Rimu iliyoachwa wazi usiku kucha hujikunja pembeni, asubuhi inakwama kwenye printa, na mwenye printa anaita fundi. Irudishe kwenye ganda lake.

Bahasha kutoka Korogwe

Turudi kwa yule mama. Kijana mmoja aliyekuwa akisubiri zamu yake alijitolea kumsaidia. Akaipitisha picha ile kwenye programu ya simu ya kusafisha picha. Kwa sekunde chache herufi zikawa kali, pembe zikanyooka, na tarakimu ya mwisho ikawa 8 nzuri, ya duara, isiyo na shaka. Mama akafurahi. Mimi nikasita. Nukta zilizohitajika kutenganisha 3 na 8 hazikuwahi kufika Dar es Salaam. Programu zile zimejifunza namba zinavyofanana kwa kawaida, na pasipo na nukta zinajaza kwa kukisia. Kwa picha ya sikukuu ya Idi hilo halina madhara. Kwa namba ya cheti cha mtoto anayetafuta mkopo, ni hatari.

Nikamwomba ampigie mjomba simu. Jioni ile cheti kilitiwa kwenye bahasha, alfajiri kikapandishwa basi, na mchana mama akakifuata stendi ya Mbezi. Alifika dukani saa kumi akiwa amekikumbatia, bado kimo ndani ya nailoni. Nikafuta kioo cha skana, nikakilaza, nikaweka 300, rangi. Taa ikapita taratibu kutoka juu hadi chini. Kwenye skrini nikakuza kona ya juu, tukainama wote wawili.

Ilikuwa 3.